Mafunzo ya Kujitambua: Tunagombania Ukumbi Wakati Ishu Iko Jumatatu

Upepo umegeuka. Miaka michache tu nyuma ukifungua simu asubuhi unakutana na klipu ya mtu kavaa suti anakwambia amka saa kumi alfajiri, andika malengo, achana na marafiki wasio na maono, na chini yake watu wamejaza amina. Saa hizi watu walewale, na wengine nawajua walikuwa wanakaa siti za mbele kabisa, ndo wanaongoza kuandika kwamba mafunzo ya kujitambua na maendeleo binafsi ni utapeli mtupu, kwamba anayetajirika kwenye semina ya utajiri ni motivesheni spika peke yake. Na hasira yao sio ya kubeza, manake ajira zimekuwa ngumu, watu wana hofu kazi zao zitaenda kwa akili mnemba, alafu mtu akikumbuka hela na wikendi alizomwaga kwenye zile kumbi anajiona kabisa kaliwa.

Upande wa pili wapo waliobaki kambini, nao wanajibu kwa shuhuda: mi nilikuwa hivi, nikaenda semina, sasa niko hivi. Basi mabishano yanakwenda wiki nzima, huyu anasema yanafanya kazi huyu anasema hayafanyi, na mi naona wote wawili wanagombania ukumbi. Wanabishana kuhusu kilichotokea mle ndani, spika alikuwa moto au wa kawaida, watu walilia au hawakulia. Msimamo wangu nauweka mapema ili tusipotezeane muda. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na mafunzo ya namna hii yakiwa mazuri kazi yake ni kuulowesha udongo, basi. Yenyewe hayamfinyangi mtu. Maji yanakauka baada ya wiki chache, na kitakachoamua maisha yake na kazi yake baada ya hapo ni nini kinamsubiri Jumatatu anaporudi: kuna kitu cha kufanya kwa mikono yake au hamna, kuna mtu atakayemuuliza au hamna, na anayo nafasi ya kujaribu au amefungwa kila upande. Ndo maana semina ileile inaweza kumwinua mmoja, ikamwacha wa pili alipokuwa, na wa tatu ikamharibia kabisa.

Kwanza tukubaliane kwamba tunachokiita mafunzo ya kujitambua sio kitu kimoja. Chini ya jina hilo hilo kuna hotuba ya masaa mawili, kuna semina ya wikendi ya kulia na kukumbatiana, kuna kozi ya wiki kadhaa yenye mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani, kuna mafunzo ya watu wanaotafuta kazi, kuna vikao vya mtu na kocha wake, na siku hizi kuna aplikesheni ya simu inayokuita kwa jina lako. Kuyahukumu yote kwa mkupuo ni sawa na kusema dawa zinaponya au haziponyi. Hizi semina kubwa za kihisia zina historia ndefu kidogo, Werner Erhard alianzisha ya kwake inayoitwa est huko San Francisco 1971, watu wanafungiwa ukumbini wikendi mbili karibu masaa sitini, na iliendelea mpaka 1984 ilipobadilishwa ikawa kitu kingine. Watafiti walipokuja kuifuatilia hiyo iliyorithi nafasi yake, miaka ya 1980, walikuta kwamba baada ya mwaka na nusu karibu hamna tofauti ya maana kati ya walioenda na wasioenda, si kwa uzuri si kwa ubaya. Kuna kitambo kifupi mtu anajisikia usukani wa maisha yake anaushika mwenyewe, alafu kinapita.

Sasa hapo mtu wa kambi atasema, lakini mimi nimebadilika, unanikatalia maisha yangu mwenyewe? Na hapa ndo penye utafiti mmoja ambao mi nadhani kila mtu anayetoa ushuhuda angeusoma kabla ya kushika maiki. Wanasaikolojia wawili, Michael Conway na Michael Ross, waliutoa mwaka 1984. Walichukua wanafunzi waliojiandikisha kwenye mafunzo ya namna ya kusoma vizuri, kabla ya kuanza wakawaambia jipimeni, uwezo wenu wa kusoma uko wapi. Wengine wakaingizwa kwenye mafunzo, wengine wakaambiwa subirini zamu yenu. Mafunzo yalipoisha wakaulizwa, hivi mnakumbuka mwanzoni mlijipa kiasi gani? Waliosubiri wakakumbuka vizuri tu. Waliofundishwa wakakumbuka kwamba walikuwa wabovu kuliko walivyokuwa wameandika wenyewe kwa mkono wao. Alama zao za darasani hazikupanda, lakini baadaye walipoulizwa wakazitaja kwa kuzikuza. Hawa hawakuwa waongo, ni kichwa cha mtu ndo kilivyo, kwamba nimetoa muda wangu na jasho langu kwahiyo lazima kuna kitu nimepata, na kama leo haijapanda basi ni jana iliyoshushwa. Ongeza na hii, watu wengi wanaenda semina wakati mambo yamewakalia vibaya mno, wameachishwa kazi au wameachwa, na mtu akishafika chini kabisa mara nyingi atapanda kidogo hata asipofanya lolote, na sifa zote anachukua aliyekuwa jukwaani wiki ile.

Wasioamini wana haki pia kuhusu zile hadithi za jukwaani. Kuna ile ya chuo cha Yale 1953, kwamba 3% tu ya wahitimu waliandika malengo yao na miaka 20 baadaye hao wachache walikuwa na mali kuliko wale 97% wote ukiwajumlisha. Umeisikia, mi nimeisikia mara nne kwa spika wanne tofauti. Utafiti huo haujawahi kufanyika, watu waliufuatilia mpaka chuoni kwenyewe wakakuta hamna. Au ile ya tabia mpya inajengeka ndani ya siku 21, chanzo chake ni daktari wa upasuaji Maxwell Maltz aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Kuzoea pua mpya! Watafiti wa London walipokuja kupima tabia zenyewe kwa watu 96, matokeo yakatoka 2010, namba ya katikati ilikuwa siku 66 na tofauti ni kubwa, kuna wa siku 18 na kuna ambao hesabu iliwapeleka mpaka 254. Unaweza kuona hili ni jambo dogo la namba tu, ila fikiria mtu aliyeaminishwa siku 21, amefika siku ya 22 na bado kuamka ni vita, anachojifunza pale ni kwamba yeye ndo ana kasoro.

Alafu kuna hili la kuota ndoto kubwa, jiwazie umeshafika, jione umekalia kile kiti. Gabriele Oettingen na mwenzake Doris Mayer waliwafuatilia wahitimu wa chuo huko Ujerumani waliokuwa wanaanza kutafuta kazi, wakatenganisha vitu viwili ambavyo wengi tunavichanganya: kutarajia, yaani mtu anapiga hesabu anaona nafasi ya kupata ipo, na kuota, yaani mtu anajipitishia kichwani filamu tamu ya yeye kazini. Miaka miwili baadaye waliotarajia walikuwa wamefanya vizuri. Waliokuwa wanaota sana walikuwa wametuma maombi machache zaidi, wamepata ofa chache zaidi, na mshahara wao ulikuwa mdogo zaidi. Ukifikiria sio ajabu, mwili ukishaonja ushindi kwenye kochi, nguvu ya kuamka kuandika barua ya kumi na saba inatoka wapi? Na zile sentensi za kujisemea kwenye kioo, mimi ni wa thamani mimi napendwa, utafiti wa 2009 wa Joanne Wood na wenzake uliona kwamba wale ambao tayari wanajiona duni, ambao ndo hasa wanaambiwa wazitumie, ziliwafanya wajisikie vibaya zaidi. Anasema nina thamani na kichwani kuna sauti inamjibu thubutu.

Mpaka hapo ungedhani naungana na wanaosema utapeli. Siungani nao, na sababu yangu kubwa inatoka Lomé, Togo. Kule wamiliki 1,500 wa biashara ndogondogo waligawanywa kwa kura kwenye makundi matatu, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2017. Kundi la kwanza halikupewa kitu. La pili likafundishwa biashara kama inavyofundishwa kila mahali, mahesabu, masoko, mipango ya fedha. La tatu likafundishwa tabia: kuanza jambo bila kusubiri kusukumwa, kutofautisha unachouza na anachouza jirani, kuweka lengo na kurudi kulikagua, kuendelea kikwazo kikitokea. Yaani hilo la tatu ndo ndugu wa karibu wa hicho tunachokiita kujitambua. Walifuatiliwa miaka miwili na kitu. Kundi la mahesabu na masoko faida yake ilikuwa juu kwa 11% kulinganisha na wasiofundishwa, kiasi ambacho kitakwimu huwezi kukitenganisha na bahati. Kundi la tabia, 30%. Kwa wanawake tofauti ilikuwa kubwa zaidi, karibu 40. Kwahiyo anayesema mafunzo ya akili na tabia ni maneno matupu, fundisheni watu ujuzi wa kushika, ana kazi ya kuelezea Lomé.

Lakini soma walichofanya. Halikuwa tukio la Jumamosi. Ni wiki nne za vikao, kazi wanazopewa zinahusu biashara ya mtu mwenyewe sio mfano wa kitabuni, na darasa likiisha mkufunzi anawafuata mmoja mmoja mpaka pale anapouzia kwa miezi kadhaa. Nikiwa mkweli makundi yote mawili yalifuatwa hivyo, kwahiyo siwezi kudai kufuatwa peke yake ndo siri. Ninachosema ni kwamba tabia iliyofundishwa ilikuwa ya kutenda, inaonekana kwa macho, na Jumatatu yake ilikuwa imeshaandaliwa. Mtu ana duka, ana wateja, anaweza kujaribu kitu kesho yake asubuhi bila kumuomba mtu ruhusa. Linganisha na karani ambaye hata kuhamisha meza yake lazima aandike barua.

Mfano wa pili ndo ulionifanya niache kubishana kuhusu ukumbi. Monrovia, Liberia, Christopher Blattman na wenzake walichukua wanaume 999 waliokuwa wanaishi kwa wizi na vurugu, nao wakagawanywa kwa kura: wengine wiki nane za mafunzo ya kujizuia hasira, kupanga na kujiona kama mtu wa kawaida wa jamii, wengine dola 200 mkononi, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Kwenye mafunzo walikuwa wanapewa zoezi kama hili: oga, vaa safi, nenda kaingie benki au duka kubwa, ongea na watu, alafu rudi utuambie ilikuwaje. Kwa mtu aliyezoea kufukuzwa mlangoni hiyo sio nadharia. Baada ya mwaka waliopata mafunzo peke yake walikuwa wameanza kurudi walipotoka. Waliopata pesa peke yake, iliisha. Waliopata vyote viwili walikuwa bado wametulia, na walipotafutwa tena miaka kumi baadaye, uhalifu na vurugu kwao vilikuwa chini kwa karibu nusu kulinganisha na wasiopata kitu. Cha kushangaza biashara walizoanza na ile hela nyingi hazikudumu. Maelezo ya watafiti wenyewe, na yananiingia akilini, ni kwamba zile pesa ziliwanunulia muda, miezi kadhaa ya kuishi kama yule mtu waliyefundishwa kuwa, mpaka ikawa ndo maisha. Udongo ulikuwa umelowa na ukapata nafasi ya kufinyangwa kabla haujakauka.

Kwa wanaotafuta kazi nako ni hivohivo. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa na mafunzo kwa watu walioachishwa kazi, sehemu ni ujuzi wa kutafuta, na sehemu nyingine, ambayo naipenda zaidi, ni kumuandaa mtu kwa kukataliwa: utapigiwa simu utaambiwa hapana, sasa ukiambiwa hapana unafanya nini saa ileile? Zaidi ya miaka miwili baadaye waliopitia walikuwa bado wanalipwa vizuri kuliko wenzao. Na mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 47 za mafunzo ya aina hii wakakuta uwiano wa kupata kazi dhidi ya kukosa ulikuwa mara 2.67 kwa walioshiriki. Ila kwa masharti: yalisaidia pale yalipobeba vyote viwili, ujuzi na hamasa. Hamasa tupu hapana, ujuzi mkavu hapana. Hapa kambi zote mbili zinapigwa, wa motivesheni na wa "jifunze skills acha porojo".

Sasa turudi kwa mtu wetu. Mfuatilie Jumatatu. Ana daftari jipya la jalada gumu, ukurasa wa kwanza kaandika neno moja aliloambiwa achague liwe neno lake la mwaka, kalipigia mstari mara mbili. Anafika ofisini, barua pepe za siku tatu zinamsubiri, mwenzake anamuuliza vipi mapumziko yalikuwaje, bosi anapita mlangoni bila hata kusimama anasema afadhali umerudi, ile ripoti inatakiwa leo. Hamna hata mmoja aliyemuuliza umejifunza nini na unataka kujaribu nini. Saa sita mchana daftari liko chini ya mafaili. Jumatano anajaribu kusema hapana kwa mara ya kwanza kama alivyofundishwa, anaambiwa semina imekupanda kichwani. Wiki ya pili amerudi kuwa yule yule, na amebeba kitu kingine ambacho hakuwa nacho, aibu ya kushindwa jambo ambalo aliambiwa lipo mikononi mwake. Tangu 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alipochapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana tunajua sehemu kubwa ya tulichokariri inapotea ndani ya siku ya kwanza, kwahiyo huyu mtu hakuwa mzembe, alikuwa binadamu aliyerudishwa mahali ambapo hamna kinachomkumbusha.

Na hapa ndo nafika kwenye hoja ya watetezi ambayo kwangu ni dhaifu kuliko zote, ile ya mbegu na shamba. Unaijua: sisi tunapanda mbegu, ikiota ni neema, isipoota ni wewe hukuwa tayari. Ukiitazama vizuri hiyo hoja haina namna ya kushindwa. Ukifanikiwa ni mafunzo, ukikwama ni wewe, na dawa ya kukwama ni kulipia ngazi ya pili. Kitu ambacho hakiwezi kukosea hata siku moja hakiwezi pia kurekebishwa, na wakufunzi wanaojificha humo wanajinyima wenyewe nafasi ya kuwa bora. Alafu sio kweli kwamba yote ni ya ndani ya mtu. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2019, wanafunzi kama 12,000 wa mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, walipewa somo la mtandaoni lisilofika saa moja kwamba akili inakua kwa mazoezi. Wale wenye alama za chini walipanda kidogo, pointi 0.1 hivi kwenye wastani wa alama, na kwa saa moja hiyo sio haba. Lakini lilishika zaidi kwenye shule ambazo wanafunzi wenzao wanaona kutafuta changamoto ni jambo la kawaida. Penye wenzako wanakucheka ukichukua hesabu ngumu, halikushika hivyo. Somo ni lile lile neno kwa neno, kilichotofautiana ni watu wa pembeni. Sasa kama watoto wa miaka kumi na nne wanategemea walioko pembeni, mfanyakazi mwenye bosi na mkopo na watoto ataupata wapi huo ujasiri wa peke yake?

Wasioamini nao wana yao dhaifu, ile ya "kama anajua njia ya mafanikio mbona anauza semina". Hiyo niipite haraka, kocha wa mbio hakimbii. Na wengine wanapenda kusema ni 10% tu ya mafunzo inayofika kazini, namba inanukuliwa kila mahali, ila ukiifuatilia nyuma unafika kwa mwandishi mmoja wa 1982 aliyeitaja kama swali la kunogesha makala yake, hakupima kitu. Yaani wanaowacheka wenzao kwa hadithi ya Yale wana Yale yao.

Kuhusu kazi kuna jambo watu hawalisemi wazi, nalo ni maamuzi ya wiki mbili za kwanza. Mtu anatoka ukumbini damu inachemka, anaandika barua ya kuacha kazi, anavunja uhusiano, anakopa aanze biashara. Wengine inawatokea vizuri na hao ndo mnaowasikia. Mi nadhani kipindi kile udongo umelowa ni kizuri kwa majaribio madogo na kibaya kwa maamuzi makubwa, manake huyo anayeamua ni mtu wa ukumbini na atakayeishi na uamuzi ni mtu wa Jumatatu. Na kuna wa aina nyingine tena, yule aliyefanya semina kuwa ndo maisha, kila baada ya miezi miwili yupo kwenye nyingine, ana vyeti vya kujaza ukuta na CV yake inasomeka kama ratiba ya kumbi. Huyo simcheki. Pale ukumbini anapata watu wanaomuuliza jina na wanaompigia makofi, na huenda hamna mahali pengine popote duniani anapopata hicho kitu. Shida ni kwamba kila akirudi udongo unalowa tena na haufinyangwi.

Ndo maana pia sina papara na hizi aplikesheni za kocha wa akili mnemba ambazo watu wanasema zitawaua wakufunzi. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika 1977 kwamba imani ya mtu kwamba "naweza" inatoka sehemu nne, na ya nguvu kuliko zote ni kuwa umeshafanya kitu na ukaweza, inafuata kumuona mwenzako akiweza. Kuambiwa kwa maneno kwamba unaweza iko chini ya hizo. Simu yako inakupa maneno, mazuri kabisa, usiku wa manane, bila kuchoka. Kukukumbusha inaweza, hilo nalikubali na sio dogo. Lakini hamna mtu upande ule ambaye utamuonea aibu Ijumaa ukiwa hujafanya.

Mi mwenyewe nina daftari la semina ya miaka kadhaa nyuma. Nililikuta nikihama nyumba, nikakaa juu ya boksi nikalisoma. Nilikuwa nimeandika maazimio saba. Sita ni yale makubwa, kuwa jasiri zaidi, kukuza mtandao wangu wa watu, kujiwekeza, unayajua. La saba limeandikwa pembeni kwa haraka kama kitu cha kununua dukani: Alhamisi nikitoka kazini, kabla sijapanda gari, nimpigie fulani nimuulize kuhusu ile nafasi. Hilo ndo pekee nililofanya, na kazi ninayoifanya leo ilitokana na ile simu. Kwa muda mrefu nilidhani ni bahati, mpaka nikasoma kazi za mwanasaikolojia Peter Gollwitzer. Yeye na mwenzake walikusanya tafiti 94 wakaona kwamba mtu anayepanga kwa mtindo wa "ikitokea hivi, nitafanya vile", saa, mahali, kitendo, anatimiza zaidi kwa tofauti ya maana kuliko anayebaki na nia tu. Ujasiri wangu haukuongezeka hata kidogo, nilipiga ile simu mikono inatetemeka. Ila Alhamisi ilifika na gari lilikuwa mbele yangu.

Kwahiyo ukiniuliza niende au nisiende, mi nakuuliza maswali ya baada. Wiki ya pili baada ya kumaliza, nani atakupigia? Zoezi la kwanza unalifanyia wapi, ukumbini au kwenye kazi yako halisi? Ukirudi una ruhusa ya kubadilisha hata kitu kimoja? Kama majibu yote ni hamna, baki na hela yako, au nenda kwa kujua unaenda kuburudika, na kuburudika sio dhambi. Na kwa mwajiri anayepeleka wafanyakazi ishirini kwa mkupuo, gharama halisi sio ukumbi na chai, ni saa moja ya bosi wa kila mmoja Jumatatu asubuhi kumuuliza unataka kujaribu nini na nikupunguzie nini ili ujaribu. Hiyo saa ndo wanaibania. Inatakiwa pia wajiandae kwamba mafunzo yakishika kweli, wengine watagundua hawatakiwi kuwa pale na wataondoka, na mwajiri akilihesabu hilo kama hasara basi alichokuwa anakitaka ni utulivu, aseme tu.

Alafu kuna suala la kupima. Tangu 1959 Donald Kirkpatrick alishaeleza ngazi nne za kupima mafunzo: walipenda, walijifunza, wanafanya tofauti, na matokeo yamebadilika. Zaidi ya miaka sitini baadaye semina nyingi nilizohudhuria ziliishia ngazi ya kwanza, ile fomu inayogawiwa wakati watu wameshika mikoba, weka vema kwenye uso unaocheka. Nilishampa wazo mkufunzi mmoja, mtu mzuri na anayejua kazi yake, nikamwambia kwanini usichukue nusu ya malipo mwisho wa semina na nusu nyingine baada ya miezi sita ukishaenda kuona nani anafanya nini? Akacheka sana. Akasema wazo zuri, atalifikiria, alafu akaniuliza kama nimesharudisha fomu ya tathmini.